Fumba Macho, Usikilize

Dada yangu mpendwa,

Huku mvua haijakata, na cherehani yangu imeanza visa tena. Mimi mzima wa mwili.

Nimejiunga na kikundi cha ushauri cha sisi tuliounguliwa na nyumba. Siku ya kwanza mshauri aliniandikia kwenye karatasi: "Fumba macho, usikilize sauti yangu." Kumwambia kiziwi hivyo! Nikacheka kimoyomoyo, nikafumba. Lile giza likanirudisha kwenye moshi, siku watu walipopiga kelele nje nami sikujua. Nilipofumbua, wenzangu walikuwa wanamalizia chai. Walidhani nimetulia, wakaona wasinisumbue.

Nikamwandikia mshauri: "Nikifumba macho, sina pa kushika." Kumbe ni mwelewa. Sasa tunakaa duara, macho wazi, tumeshikana mikono. Zoezi likiisha, kila mtu anamminya mwenzake kiganja.

Jana fundi viatu aliyekaa kando yangu aliniminya. Nikashindwa kumwachia, watu wote wakanisubiri. Dada, tangu uolewe huko mbali, hakuna mwingine aliyenigusa ili kuniambia kitu.

Mdogo wako,
ambaye bado analala taa ikiwaka.