Pindo la Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Zimebaki siku, si wiki. Kasema muuguzi wa tiba shufaa, ya kutuliza maumivu, asubuhi hii, jikoni, akinawa mikono, mlango umefungwa. Saratani imeshamaliza ini. Nimempigia binti yetu. Ndege aliyoipata inatua Jumamosi saa nne asubuhi. Basi kazi yangu ni moja: Fundi, mume wangu, aione Jumamosi.

Mwenyewe katulia. Mofini ya mchana imemkolea. Nilipokuwa namgeuza ubavu akaniambia nisogeze kiti karibu na kitanda.

Cha nani?

"Cha mgeni. Utamwacha asimame mpaka lini, Mwandishi?"

Nikasogeza. Chumbani tulikuwa mimi na yeye tu.

Jumanne, 5 Machi

Muuguzi anasema wagonjwa wengi wakifika hapa huona watu. Nisibishane naye. Sawa, lakini hicho ni chanzo kimoja, na chumba chetu cha habari hakichapishi chanzo kimoja.

Nikamhoji Fundi. Mgeni ni nani? Hajui, kaligeuzia dirisha mgongo, uso hauonekani. Kavaa nini? Hapo akachangamka! Sura za watu husahau, nguo hasahau. Suti ya kijivu. Koti ni kazi yake mwenyewe, mishono anaitambua. Ila suruali — mguu wa kushoto haujapindwa. Umebanwa kwa pini.

"Aibu gani hii! Nani alimruhusu atoke dukani hivi?"

Vidole vyake vinatembea juu ya shuka. Vinashona.

Jumatano, 6 Machi

Wifi kaja kunipokea zamu ili nipate kuoga. Nikamsimulia ya suruali kama mzaha. Hakucheka. Akaweka taulo chini.

Kaka yao mkubwa alizikwa na suti ya kijivu. Fundi aliishona siku ileile ya mazishi, watu wanasubiri uani. Muda ukamwishia, mguu wa kushoto akaubana pini. Waliojua ni yeye na wifi aliyempa hizo pini. "Wifi yangu, nani angemchungulia maiti miguuni?" Mimi nilikuwa sijaolewa. Sikuwahi kuambiwa.

Maelezo ya kawaida yapo: anakumbuka, na dawa inamchanganyia. Naliandika hilo kwanza.

Alasiri Fundi kaniarifu kwamba wameshakubaliana. Mgeni ataifuata suruali Ijumaa. Wataondoka pamoja, amsindikize.

Wifi akadakia kutoka mlangoni: "Ijumaa ya fundi cherehani! Huyo mgeni aje na godoro kabisa!" Tulicheka wote. Fundi naye, mpaka nikamshika kifua. Katika maisha yake hajatoa nguo siku aliyoahidi. Gauni langu la harusi nililivaa nyuzi zinaning'inia. Nililia kwa hasira siku ile. Leo nategemea ucheleweshaji huohuo.

Alhamisi, 7 Machi

Kalamba maji kwenye pamba, basi. Vidole vinakwenda mbio.

Nimemwomba aahirishe. Mimi, kumbembeleza fundi achelewe! Mwambie Jumapili, nimesema. Mwambie binti yako yuko njiani. Akakigeukia kiti, akasikiliza kwa muda mrefu.

Kasemaje?

"Hajasema. Anatazama mguu wake."

Nilipofagia chini ya kiti nikakuta pini. Zimeshika kutu. Nyumba ya fundi haikosi pini, najua. Lakini cherehani iko dukani, na chumba hiki nakifagia kila siku. Nimeziweka kwenye kisahani.

Jioni vidole vikasimama. Akainua mkono mpaka mdomoni, akakata uzi kwa meno. Uzi ambao haupo.

"Tayari," akasema.

Hajawahi kuwahi. Hata mara moja!

Ijumaa, 8 Machi

Anapumua. Kwa mapengo. Mikono ya baridi, lakini nikimshika kidole ananibana. Muuguzi kasema kwenye simu atafika saa tatu. Binti kapiga, kashapita ukaguzi, anasubiri kupanda. Kauliza, baba anaongea? Nikamwambia ukweli: na mimi, anaongea kidogo.

Tangu kupambazuke nimekalia kiti cha mgeni. Kwa makusudi. Akija asimame.

Sasa hivi Fundi kafumbua macho. Hakunitazama mimi. Katazama juu ya bega langu, na sauti ikamtoka ileile ya dukani, tamu, ya uongo, ile anayowapa wateja waliochoka kuja:

"Imebaki kupiga pasi tu, kaka. Dakika moja kazi. Pitia kesho mchana."

Kesho mchana! Nyuma yangu kimya. Sijageuka.

Nimeinuka, nimekipangusa kiti, nimemwachia. Anayesubiri akae.

Muuguzi saa tatu. Ndege inatua kesho saa nne.