Kura ya Papa Lukasi

Mujukuu wangu Ngoie,

Hapa Kalemie tuko. Nkambo wako mwanamuke, bibi yangu wa ndoa, ananigombeza kila asubuhi, kwa hiyo yuko muzima.

Unauliza toka Kongolo kama kipofu anaweza kuvota, watu wasijue alichagua nani. Uliza mimi, muvuvi mwenye kupiga mamba kofi!

Siku ya vote ya kwanza kisha vita kuisha, jirani yangu Papa Lukasi, kipofu, aliruhusiwa kuingia na muntu mumoja wa kumuwekea alama. Ndugu zake, wenye kupigia kelele kandida wao achaguliwe, wakamukamata mukono. Akawasukuma: "Nataka huyu." Mimi!

Ndani akaninong'oneza jina la mwengine kabisa. Ndugu zake wakijua, watamufukuza kwenye nyumba. Nikatafuta picha ya ule kandida kwenye karatasi, nikaweka alama.

"Papa Lukasi, kwa nini mimi?"

"Wewe njo muongo mukubwa wa Kalemie. Hata ukisema, nani ataamini?"

Tulicheka mpaka wenye biro ya vote wakatufukuza. Inje ndugu zake wakanizunguka: "Ameweka nani?" Ulimi uliniwasha, mutoto wangu, kama pilipili. Nikasema: "Ameniweka mimi, nitakuwa presida."

Papa Lukasi alisha kufa. Kicheko chake ninakitamani mpaka leo. Lile jina, hata bibi yangu hajalisikia.

Njo mimi, nkambo wako.