Nani Asimame Katikati

Bellevue, Johannesburg
3 Agosti 2025

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Mimi na watoto tu wazima. Goti lako je? Na kifua cha Mama? Nakuandikia barua pepe kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, unaishia kunijibu mambo ambayo sijauliza.

Nina shida ya timu. Msimu wa besiboli unaanza Oktoba, na lazima nipange watu wangu watatu wa nyuma, wale wa kukimbizana na mipira mirefu. Kushoto ni Sidney, hilo halina mjadala. Ni katikati na kulia ndiko kunakoninyima usingizi.

Katikati amesimama Papa Firmin tangu timu ianze. Ni Mkongomani wa Bukavu, fundi cherehani, mzee wa kanisa letu. Ndiye aliyeshikilia niwe kocha wakati wengine walinung'unika kwamba mwanamke wa benki atajua nini. Lakini miguu imeisha, Baba. Gradi, kijana anayefanya ulinzi kule Newtown, anakimbia kama anafukuza mwizi. Na Benita, msusi wetu, ana mkono wa kurusha mpira kutoka nyuma kabisa hadi bezi ya mwisho bila kugusa chini. Nafasi mbili, watu watatu. Mimi nataka Gradi katikati, Benita kulia, Firmin benchi. Wewe uliyefundisha mchezo huu hapo Meru maisha yako yote, unaonaje?

Binti yako,
Kagendo


Meru
9 Agosti 2025

Kagendo mwanangu,

Tumefurahi kusikia mko wazima. Mama yako bado anakohoa, lakini nguvu za kunigombeza anazo, kwa hivyo usiwe na wasiwasi. Goti ni lile lile.

Nimekataa. Mtu aliyesimama katikati tangu mwanzo haondolewi hivyo. Msogeze Firmin kulia, ambako mipira haiendi sana. Gradi mpe katikati. Huyo Benita akae benchi, aingie wengine wakichoka. Mzee anajua mpira utaangukia wapi kabla haujapigwa. Nyinyi mkiona mvi mnadhani ni kutu. Jaribu kwanza, ndipo uje kubishana na mimi.

Baba yako


Bellevue
24 Agosti 2025

Baba,

Natumaini mmeamka salama. Sisi tuko sawa, ila mimi nimechoka.

Nimejaribu ulivyosema. Jana tulicheza mechi ya kirafiki na timu moja ya Soweto. Ukapigwa mpira mrefu, kati ya katikati na kulia. Gradi alikuwa chini yake kabisa, glavu tayari. Firmin akaja mbio kutoka kulia akiita kwamba ni wake. Gradi akashusha glavu, akasogea kando, akampisha kama unavyompisha mzee mlangoni. Mpira ukaanguka kati yao. Eish! Na haikuwa mara moja.

Nilimwita Gradi pembeni nikamkumbusha sheria uliyonifundisha: wa katikati akiita, wote wanampisha. Akasema anaijua. Lakini hapa Joburg Papa Firmin ndiye baba yake, ndiye atakayempeleka kwa kina Héritière, mchumba wake, siku ya dot, yaani siku ya mahari. Akaniuliza, "Kocha, nimfukuze baba yangu?"

Firmin lazima akae benchi. Ninaogopa ataondoka kabisa, na Gradi atamfuata, na hapo sina timu. Tena nampenda yule mzee, Baba, si suala la mpira tu. Na usikasirike nikikuuliza hili: ile barua yako ilikuwa inamtetea Firmin, au ilikuwa inakutetea wewe?

Kagendo wako


Bellevue
7 Septemba 2025

Baba,

Mko wazima huko? Kimya chako nimekisikia. Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako


Meru
14 Septemba 2025

Mwanangu,

Sisi tuko salama. Nimekawia kwa sababu nilikasirika. Mama yako alisoma barua yako akacheka, nikakasirika zaidi.

Sawa, nilikuwa najitetea. Mwaka jana waliponiondoa kwenye timu ya hapa hakuna aliyekuja kuniambia. Nilifika uwanjani na kofia yangu na filimbi, nikakuta mtu mwingine anawapanga vijana. Wakanisalimia vizuri sana, wakanipa kiti. Sikurudi tena. Kuondolewa kwenyewe ningekumeza, maana hata majina ya wachezaji nilikuwa nayachanganya. Kile kiti ndicho kilichoniuma, na bado kinaniuma.

Basi benchi ni sawa, umeona vizuri kuliko mimi. Lakini Firmin asikute mambo yamepangwa. Nenda kwake nyumbani kabla wengine hawajajua, na usiende mikono mitupu. Kula watakachokupa. Kisha mwambie kwa mdomo wako, na umwambie sababu. Usimwambie kwamba anapumzishwa. Hakuna mzee asiyejua maana ya neno hilo.

Baba yako


Bellevue
5 Oktoba 2025

Baba mpendwa,

Hamjambo nyote? Huku baridi imekwisha na watoto wametupa masweta.

Nilienda wiki ile ile, na sukari na majani ya chai ya kwetu. Mama Murielle, mke wa Firmin, akanipikia bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu chao, nikala hadi nikashindwa kupumua. Kisha nikamwambia mzee, mkewe akisikia, kwamba Gradi anampisha kwa heshima, na hataacha kumpisha maadamu wako pamoja uwanjani. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama naongeza chai. Akanisindikiza hadi kwenye robot, zile taa za barabarani, akanipa mkono.

Jumamosi iliyofuata hakuja mazoezini. Iliyofuata hiyo pia hakuja. Gradi alikuwa haniangalii usoni. Nilijua nimeharibu kila kitu.

Jana akaja. Akamwita Gradi mbele ya timu nzima, akamwambia, "Siku ya dot, mimi nitasema kwa ajili yako. Huku kwenye uwanja, sema wewe mwenyewe."

Kisha akaniomba nipige mipira juu. Yeye anaukimbilia mpira, na Gradi lazima amfukuze. Mara ya kwanza Gradi akasema, "Yangu, Papa, samahani," na kabla hajamaliza adabu zake mpira ukawa chini. Benita alicheka hadi akakaa. Firmin akamrudisha, tena na tena, mpaka Gradi akapiga ukelele wa kutisha, akamgonga mzee bega, akadaka. Firmin akaanguka kwenye nyasi. Alikaa pale pale akicheka, Baba, na Gradi akimwinua huku machozi yanamtoka.

Jumamosi ni mechi ya kwanza. Gradi katikati, Benita kulia. Firmin yuko benchi, na amesema ataingia kupiga tukikwama, maana mikono yake haijazeeka.

Binti yako anayekushukuru,
Kagendo


Meru
10 Oktoba 2025

Kagendo mwanangu,

Mama yako hakohoi tena, anakusalimu. Msalimie sana Firmin. Mwambie akiingia kupiga asiwe na haraka na mpira wa kwanza.

Vijana wa hapa wana mazoezi kesho saa tatu. Nitaenda. Sijaalikwa, lakini hata Firmin hakuna aliyemwalika kurudi.

Baba yako