Boksi Lililoandikwa Kolo

Jumatatu, 4 Agosti

Glavu, taa ya mezani, kioo cha kukuzia. Mkanda wa tano wa filamu tangu Januari, kutoka kwa muuzaji yuleyule wa mnada wa mtandaoni, Ulaya. Boksi limeandikwa kwa kalamu: "Kolo, Kondoa. Michoro ya mapangoni na wenyeji." Babu, baba yake Mama, aliwabebea wapiga filamu ngazi na ndoo za maji. Hatuna picha yake hata moja. Babu alifariki Mama akiwa na miaka saba. Sasa presha ya macho inamnyang'anya Mama uoni. Daktari ametuambia tusitegemee mwaka mwingine. Anataka kuiona sura ya baba yake. Hajaomba kitu kingine.

Nitautazama kesho.

Jumanne, 5 Agosti

Theluji. Watoto wa Kizungu wanateleza kwenye theluji. Mkanda mzima.

Nimekasirika kiasi cha kushindwa kufundisha kipindi cha saa nne. Nimemwandikia muuzaji aya tatu, nikafuta mbili. Iliyobaki inamwita mwongo. Je, ni mwongo? Picha ya mnadani ilionyesha boksi, si mkanda. Sikuomba hata kipande kimoja kilichoshikwa kwenye mwanga. Mwanafunzi wangu angepata sifuri kwa uzembe huo.

Bado namchukia.

Nilimpigia Mama, aliyeko kijijini Busi. Alicheka. "Kolo imeganda, mwanangu, na sisi hatuna habari?" Kisha akaniaga upesi, na hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 8 Agosti

Muuzaji amejibu. Hununua mali za marehemu kwa mkupuo na kuziuza kama alivyozikuta. Hajawahi kutazama mkanda hata mmoja. Anasema hivyo kana kwamba ni sifa. Mwishoni, kwa wepesi tu: huenda mikanda ya nyumba lilikotoka boksi langu ilibadilishana maboksi. Boksi la "Krismasi" alishamuuzia mwanamke anayekata filamu za zamani na kutengenezea vifuniko vya taa.

Vifuniko vya taa.

Jumatano, 13 Agosti

Mwanamke wa taa amenijibu, ni muungwana. Inaniudhi, sina wa kumtukana. Kimebaki kipande cha urefu wa mkono. Amekishika dirishani, akakipiga picha, akanitumia. Ni Kolo, mwamba ule naujua. Mwanamume anaumwagia maji ili michoro ing'ae mbele ya kamera. Walifanya hivyo miaka na miaka, na maji yakaila michoro. Nimewakasirikia walioagiza. Nimemkasirikia pia mwenye ndoo, kisha nikaona aibu.

Uso umegeuka nusu. Wabeba ndoo walikuwa wengi. Sijui.

Jumamosi, 16 Agosti. Busi

Mama aliisogeza simu mpaka kwenye jicho la kulia, lile lenye nafuu. Alikaa nayo muda mrefu.

"Ndiye. Tazama anavyorusha, kwa kushoto. Bibi yako alimgombeza mpaka akachoka mwenyewe. Mkono ule ulinyimwa ugali tu."

Pembeni mwa mkanda kuna maandishi ya kiwanda. Yanasomeka kinyume. Kipande kilishikwa upande usio wake. Kwa kweli mtu yule anarusha kwa mkono wa kulia.

Nilifungua kinywa.

"Mbona umenyamaza?" Mama aliuliza.

"Vumbi, Mama."

Kuigeuza picha ile ni kugusa kioo cha simu mara moja. Sikugusa. Kwa karibu majuma mawili nimemwita mtu mwongo kwa sababu hakutazama, na mimi niliyetazama nimeficha. Hasira hii sina pa kuipeleka. Huenda mtoto wa miaka saba alikosea mkono. Huenda hakukosea, na huyu ni baba wa mtu mwingine.

Alilala mchana, simu yangu kifuani.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeichapisha picha mjini, kama Mama alivyoiona. Aliomba jina la baba yake liandikwe nyuma, wajukuu wamjue. Nimeandika kwa wino: Salimu Juma, Kolo. Sikuweka alama ya kuuliza. Nikasubiri ukauke, nikaitia kwenye bahasha.