Mkwe Wangu Ameficha Ndoo kwa Heshima

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nakuonya mapema kwamba siombi kuhurumiwa. Mimi ni mzee niliyefiwa na mke, kazi yangu ilikuwa kupanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, kwanza kwetu na baadaye huku vita vilikonitupa, na sasa naishi ghorofani kwa mwanangu wa pekee na mkewe, na hayo yote, vita, ugeni, kumzika mke wangu mbali na kwao, niliyapita nikiwa nimesimama wima, ndiyo maana nilishangaa mwaka jana, bila jambo lolote baya kutokea, nilipoanza kuamka asubuhi na kuona sina sababu ya kuamka. Huzuni ya kwetu naijua, nimezeeka nayo, huja na sura za watu na sauti zao, lakini hii haikuwa na sura ya mtu yeyote, chakula hakina ladha, kitabu ninachokipenda nikikifungua macho yanapita juu ya mistari na hakuna kinachoingia, mchana nalala, usiku nakodoa macho.

Mkwe wangu, ambaye ana adabu kuliko niliyemzaa, akaona baba amechoka, basi akaninyang'anya kila kitu kwa heshima, kitanda anatandika yeye, viatu anapiga dawa yeye, chai inanifuata kitandani, na nikinyanyuka tu ananiambia, "Baba, kaa, sisi tuko hapa kwa ajili gani?" nami nikakaa, na kadiri nilivyokaa ndivyo nilivyozama. Daktari wa zahanati akaniambia hii ni sonona, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, akanipangia miadi na mtaalamu wa kuzungumza naye, akasema nisingoje hamu ije ndipo nifanye kitu, nianze na kitu kidogo, hamu itakuja nyuma yangu. Nikachagua ngazi za jengo letu, ambazo kila mtu anazikanyaga na hakuna anayezisafisha, na siku ya kwanza niliosha kidato kimoja nikarudi kulala, lakini kidato kile kiling'aa, mshauri, na kesho yake nikataka kukiona tena, na hivyo hivyo nikashuka mpaka mlango wa chini, jua usoni, watu wakipita na kunisalimia, mpaka siku moja nikajisikia napiga mluzi.

Basi mama mwenye saluni hapo chini akamsimamisha mkwe wangu mbele za watu akamwambia, "Hongera shoga, mmepata mfanyakazi, mnamlipa kwa wiki au kwa mwezi?" Alipanda analia, akaniambia, "Baba, unataka waseme nakutesa?" akachukua ndoo na brashi akavificha nisikokujua, nami nikamwachia, kwa sababu sikuwahi kumwambia naumwa nini, niliwaambia zahanati naenda kwa ajili ya magoti, maana mimi ndiye niliyewavusha mpaka, nitaanzaje kuwaambia nimeshindwa na shuka? Sasa nimerudi kitandani. Nimwachie heshima yake, au nidai ndoo yangu?

Ni mimi, Mpanga Herufi

JIBU

Mzee wangu Mpanga Herufi, shikamoo. Pokea pongezi kwanza. Aliyetoka katika shuka zile akaosha kidato kimoja amefanya kazi nzito, na anayeiona nyepesi hajawahi kulala ulipolala wewe. Jivunie bila haya.

Sasa nikugombeze, umri wako unisamehe. Magoti, mzee? Pengine mtoto wa watu anakununulia dawa ya kuchua. Umemficha ugonjwa, halafu unalalamika kwamba ameficha ndoo. Yeye ameona baba mkwe mwenye magoti mabovu amepiga magoti ngazini, na majirani wanacheka. Ningekuwa yeye, ndoo ningeitupa kabisa.

Leo usile chumbani. Kaa nao mezani, useme kwa kinywa chako: "Nina sonona, natibiwa, na kazi ni sehemu ya tiba. Mkinilaza kwa mapenzi, nazama." Usizungushe maneno, wala usingoje mwanao aulize. Mkwe wako akilia, mwache alie, halafu mwombe brashi yako. Mwombe pia akuachie kazi moja ya nyumbani iwe yako kabisa, kukunja nguo au kuchambua mchele, ambayo usipoifanya itaonekana.

Zitakuja siku ambazo hata kidato kimoja kitakushinda. Siku hizo fungua pazia, oga, vaa nguo za kutokea, shuka ukasalimiane na mtu mmoja, na uhesabu umefanya kazi. Mchana usilale, hata usingizi ukikubembeleza. Kitabu kikigoma, soma ukurasa mmoja kwa sauti ukifunge. Miadi ya mtaalamu usiikose hata ukijisikia mzima, hasa ukijisikia mzima. Na ikikujia fikra kwamba heri usingekuwepo, usibaki nayo peke yako, mwite mwanao palepale, saa yoyote, mwende hospitali.

Kuhusu heshima, mkwe wako anastahili kupita mbele ya saluni ile kichwa juu, na atapitaje hivyo ikiwa hajui baba mkwe wake amepigana na nini ngazini? Mwambie, naye atajua la kuwajibu. Kesho asubuhi amka kabla yao, nenda jikoni, chai upike wewe, umtengee yeye mezani.