Kitufe cha "Oya" Kimeniponza

Mpendwa Shangazi Mwanaamina, naomba unishike mkono kabla ya Ijumaa, siku ya kutuma kazi yetu kwa mwalimu, maana nimejiaibisha na aibu yenyewe imerekodiwa.

Nasoma kidato cha tatu hapa Kasulu, na tuna darasa la mtandaoni pamoja na wenzetu wa Kibondo, mwalimu wetu Reverien yuko hukohuko Kibondo tunamwona kwenye skrini tu, anatufundisha jinsi mtu na kompyuta wanavyoelewana, na kila mmoja wetu ametengeneza ukurasa wake ndani ya darasa hilo, wangu ni wa wakulima kutangaza maharage yao, nami nikajiona fundi kwa sababu badala ya kuandika "Endelea" kwenye kitufe cha kijani niliandika "Oya!" kama vijana wa redioni wanavyoitana, nikijifanya mtoto wa Dar es Salaam ambako sijafika hata kwa ndoto.

Jaribio letu ni kumkalisha mtu asiyejua kompyuta mbele ya ukurasa, kumrekodi, na kukaa kimya bila kumsaidia. Nikamleta bibi yangu Apoline kutoka Kabanga, ambaye kusoma anajua vizuri. Ukurasa ukamuuliza, "Una maharage ya kuuza?" Chini yake kuna vitufe viwili, "Oya!" na "Rudi". Bibi akabonyeza "Rudi". Ukurasa ukarudi mwanzo ukamuuliza tena, akabonyeza "Rudi" tena, mpaka akanigeukia.

"Mke mwenzangu, mashine yako ina kiburi. Inataka niseme sina, na gunia liko nyumbani limejaa."

Shangazi, mimi ni Muha, nimelia Kiha kabla ya kulia Kiswahili, na kwa Kiha "oya" ni "hapana", lakini hata hapo sikushtuka, nikasahau sheria ya kukaa kimya nikamwambia, "Bibi, bonyeza oya, oya!" Naye akauliza, "Sasa unanikataza au unanituma?" Mwenzangu Jordan akacheka mpaka akashika meza.

Sasa Jordan ananishauri nifute nirekodi upya na dada yake, anayeshinda kwenye simu na atakayebonyeza bila hata kusoma. Mwalimu atachagua wawili tu wa kuendelea na masomo haya wakati wa likizo, na mimi nataka kuendelea kuliko ninavyothubutu kusema mbele za watu. Nikituma ile ya bibi, Kibondo nzima wataniita Oya mpaka nimalize shule. Nikiifuta, nitamjibu nini bibi, ambaye ananiuliza kila jioni kama mwalimu ameshamwona? Nifanyeje?

Deborah, Kasulu

Deborah mwanangu, nimecheka, nisamehe. Kisha nikaacha kucheka. Umemtoa mtu mzima Kabanga, amekuonyesha kosa ambalo wewe na darasa lenu zima hamkuliona, halafu unataka kumfuta kwa kuwa amekuonyesha vizuri mno? Na huyo dada yake Jordan atakufundisha nini? Mtu anayebonyeza bila kusoma, hata ukimwandikia "Ugali" atabonyeza.

Ulichoharibu ni kufungua mdomo. Mwalimu atakukemea, na ukemewe. Hilo la kujifanya wa Dar nalo liache. Wa Dar wana maharage gani ya kukutangazia?

Tuma rekodi yote, pamoja na pale unapopayuka, na chini yake eleza kwa maneno yako bibi alisoma nini na kwa nini. Andika "Ndiyo, ninayo" kwenye kitufe, mrudishe bibi kwenye kiti, na safari hii tia maji mdomoni, usiyameze mpaka amalize. Siwezi kukuahidi kwamba utachaguliwa. Ila bibi akikuuliza jioni, utakuwa na jibu la kumtazama nalo usoni.

Wakikuita Oya, itika. Na Jordan akikuambia tena ufute, mjibu oya. Hakikisha anaisikia kwa Kiha.