Friji Lililovishwa Maua

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa mtu wa akili zangu huwa haombi, maana mimi ndiye niliyetengeneza ile dawa ya kufunika vidonda vya moto kwenye maabara yetu hapa Mysuru, haya basi, sikuitengeneza, ni ya Dakta Sharvani, binti aliyeihangaikia miaka minne, mimi naosha chupa, na hiyo polima yake, yaani minyororo midogo ambayo hata mwenye miwani haioni, ikiwa baridi ni maji, ikigusa mwili inaganda, inashika kidonda na kuachia dawa polepole, sasa siku ya Ayudha Puja, tunapopumzisha vifaa vya kazi na kuvipaka manjano, friji lake lenye chupa za dawa hiyo nikalivisha maua, nikalihurumia, hata shoka la mkata kuni linapumzika, nikachomoa waya, kurudi kesho yake jioni chupa zimeganda, nikarudisha waya, zikapoa zikawa maji tena, safi kabisa, nikanyamaza, na Jumatatu ijayo Dakta atampaka mama mpika dosa, zile chapati nyembamba za mchele, aliyeungua mkono kwa mafuta, jana kaniambia, "Babu, friji umelipamba kuliko bibi harusi," nikamjibu, "Angalau lenyewe limepata wa kulipamba," tukacheka, je, niseme au nimwachie Mungu?

Muosha chupa, Mysuru

Mzee wangu, Mungu hakuchomoa waya, usimsingizie. Kulipamba friji ni heshima. Kunyamaza ni uoga, na mkono utakaoumia si wako. Nimemuuliza anayejua, sikukutaja: joto huikata minyororo hiyo kidogo kidogo, na kwa macho huoni kitu. Dawa isiposhika, mama wa watu atabaki na kidonda wazi, na binti wa watu atatafuta kosa kwenye kazi yake ya miaka minne asilione. Pole, lakini ukifukuzwa, fukuzwa. Jibu hili nakutumia leo, gazeti litafuata. Kesho, kabla hujanywa chai, mwambie saa uliyozima na saa uliyowasha. Chupa usizimwage, zibandike karatasi: "Zilipata joto."

Vanajakshi

Mshauri, nimesema. Hakunifukuza, kaninunia. Mpika dosa kafungwa bendeji ya kawaida, dawa inapikwa upya, na chupa za kuosha zimekuwa mlima. Umenisema gazetini, mji mzima unasoma, kwa hiyo una deni langu dogo: mwakani, wiki ya Ayudha Puja, andika mstari mmoja kwamba friji la maabara huvishwa maua likiwa linanguruma. Nikisema mimi watacheka.